Kiwanja cha bei nafuu karibu na Lac Vert, mbuzi wamefia pale: ninunue?

"Jambo daktari. Mi ni baba wa watoto watatu, tunapanga nyumba Majengo, kartiye (mtaa) ya hapa Goma. Volkano ya 2021 tulikimbia mara mbili, usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano tukaenda Gisenyi upande wa Rwanda, na tena tarehe 27 waliposema watu wahame tukafika Sake kwa miguu. Bibi yangu, mama ya watoto, hataki tena kukaa upande wa volkano. Sasa nimepata parseli upande wa Lac Vert, bei ni kama nusu ya zile za jirani, iko chini kidogo kama kishimo. Jirani mmoja ameniambia mbuzi wawili walikufia pale, ati ni mazuku. Mwenye kuuza anasema hiyo ni mambo ya zamani, nikijaza mawe na kumwaga betoni inaisha, na alinipeleka saa sita mchana tukawasha mshumaa chini ukawaka vizuri. Wengine wananiambia nisijisumbue sababu ziwa likilipuka tutakufa wote, wa Majengo na wa Lac Vert. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, usinunue hicho kiwanja. Nakupa jibu mapema maana najua kitu cha bei hiyo hakikai sokoni na huyo mwenye kuuza labda anakupigia simu kila siku. Sasa tuongee taratibu, kwa sababu swali lako limebeba mambo matatu ndani yake, lava, gesi ya ardhini na gesi ya ziwani, na watu wa Goma tumezoea kuyaweka yote kwenye kapu moja la "volkano" wakati kila moja lina tabia yake, mwendo wake, na namna yake ya kukwepwa. Wewe unakimbia lava, na nakuelewa kabisa, mtu aliyetembea mpaka Sake na watoto mgongoni hawezi kusahau. Lakini mahali unapotaka kuwapeleka kuna kitu kinachoua hata mwaka ambao volkano yetu ya Nyiragongo haijatema kitu, na kwenye maelezo yako naona ndicho unachokiogopa kidogo kuliko vyote.

Tuanze na hiyo mazuku, yani gesi ya ardhini inayojikusanya mahali pa chini. Chini ya eneo lote la volkano za Virunga kuna magma, yani mwamba ulioyeyuka, na magma hata ikiwa imetulia inaendelea kuachia gesi, nyingi yake ni kaboni dayoksaidi, hii hii tunayoitoa tukipumua, ndo maana watu wengi wanakataa kuamini kwamba inaweza kuua. Inapanda kupitia nyufa, na upande wa magharibi wa mji, kuanzia Lac Vert, Bulengo, Mugunga mpaka Sake, ardhi ni lava ya zamani yenye nyufa na matundu kila mahali kwa hiyo njia za kupandia ni nyingi sana. Ikishatoka juu haipai. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inatiririka kama maji, inatafuta palipo chini, inajaa kishimo polepole mpaka ukingoni, na kama hakuna upepo inakaa humo humo. Mtu mzima anaweza kusimama ndani ya hicho kishimo kichwa chake kiko juu kwenye hewa nzuri, anaongea na simu, na mtoto wa miaka mitatu aliyesimama kando yake yuko ndani ya gesi mpaka juu ya nywele. Ndo maana mbuzi wanatangulia, na mbwa, na kuku. Ukikuta mahali ndege na mijusi wamekufa bila jeraha lolote, wako wazima kabisa hawajaoza hata, usiulize tena.

Haina rangi. Harufu pia haina ya kukuonya, wale wanaosema "mi ntainusa" wanachanganya na gesi nyingine za volkano zenye harufu ya kiberiti au mayai yaliyooza. Kwenye hewa ya kawaida kaboni dayoksaidi ni kama asilimia 0.04 tu. Ikifika asilimia 3 unaanza kupumua haraka, 5 kichwa kinauma na unahisi kizunguzungu, 10 mtu anaweza kuzirai ndani ya dakika chache, na ukipita 15 mambo yanaisha haraka sana, mtu anaanguka kabla hajapata nafasi ya kuita. Kwenye mazuku za huku Kivu watafiti wamepima chini kabisa karibu na udongo wakakuta mpaka asilimia 90. Hapo hakuna ujasiri wala mapafu yenye nguvu, unavuta pumzi moja mbili na miguu inakataa.

Sasa ule mshumaa. Huyo mwenye kuuza sisemi ni mwongo, inawezekana kabisa na yeye anaamini hivo, lakini jaribio lake lina matatizo mawili makubwa. La kwanza ni saa. Mchana jua limepasha ardhi, upepo wa ziwani unavuma, gesi inatawanyika karibu inapotoka tu. Mazuku inajaa usiku, hasa alfajiri kabla jua halijatoka, wakati hewa imetulia na ni baridi, yani saa zilezile watoto wako wamelala na mama anatoka kuwasha moto. Kwenda kupima mazuku saa sita mchana ni kupima kitu wakati kimetoka. La pili ni mshumaa wenyewe, kwa sababu mshumaa unazimika pale hewa ikishakuwa mbaya sana, na kwa ile asilimia 10 ambayo tayari inaweza kukuangusha wewe, mwali bado unaweza kuwa unawaka vizuri tu mbele yako. Mshumaa ukizimika ujue pana hatari. Ukiwaka haujakuambia kitu. Na tafadhali usiende alfajiri na kiberiti ukashuka ndani kuhakikisha, watu wanaojaribu hivo tunawaokota.

Kuhusu kujaza mawe na kumwaga betoni nataka nieleze vizuri maana hili wazo linazunguka sana, na fundi wengi wanalisema kwa nia nzuri. Mawe ya volkano unayajua, mepesi, yana matundu, ukiyarundika yanaacha nafasi katikati, gesi inapita humo bila shida yoyote. Kwa hiyo ukijaza kishimo chote unakuwa umeinua sakafu lakini bomba la chini bado liko wazi. Alafu unamwaga betoni juu. Betoni inapasuka, hata ile nzuri, na hapa kwetu ardhi inatetemeka, baada ya 2021 umeona mwenyewe kuta na barabara zilivyopasuka. Gesi ikikutana na betoni inasambaa pembeni chini yake mpaka ipate upenyo, na upenyo mara nyingi ni pale bomba la maji machafu linapopita, au kona ya chumba. Sasa kabla hujajenga gesi ilikuwa inatoka nje na upepo unaipeleka, baada ya kujenga umeiwekea kuta nne na paa na madirisha ambayo usiku unafunga kwa sababu ya wezi na baridi. Umeikusanyia nyumba.

Kuna njia za kihandisi, siwezi kukuficha. Unaweza kutandika plastiki nene maalumu chini ya sakafu nzima, ukaunganisha kila kiungo, ukaacha nafasi chini yenye mabomba yanayotoa gesi juu ya paa, ukainua nyumba. Ni gharama kubwa, inataka mafundi waliowahi kufanya kazi hiyo, na hata ikifanikiwa inalinda nyumba tu, uwanja wanapocheza watoto bado ni uleule na choo bado kiko nje. Ile nusu ya bei uliyookoa inaisha yote na bado hulali vizuri.

Na kwa sababu najua wanaosoma hapa wengine tayari wanaishi maeneo hayo, na hawana pa kuhamia kesho, naongeza haya. Watoto wasilale godoro chini, inueni vitanda, hata nusu mita ina maana. Acheni matundu ya hewa chini ya ukuta upande ule ardhi inaposhuka, ili gesi ipate pa kutokea, dirisha la juu peke yake halisaidii kwa kitu kinachokaa sakafuni. Msichimbe shimo la choo au la tanki la maji bila kujua, shimo ndo mazuku inapenda kuliko kitu chochote, mtu anashuka mita mbili asubuhi kumalizia kazi ya jana na usiku gesi imeshajaa humo. Watoto wasiende kuogelea alfajiri kwenye vijighuba vya upande huo, gesi inaweza kulala juu ya maji pia na muogeleaji mzuri akazama bila kelele. Na hili naliomba kwa moyo wote: ukimwona mtu ameanguka kishimoni usishuke kumfuata. Usishuke. Hata akiwa mtoto wako. Kwenye gesi ya namna hii wanaweza kufa pia wa pili na wa tatu, wale waliokimbilia kusaidia. Ita watu, mvuteni kwa kamba au mti mrefu mkiwa juu, mpelekeni sehemu iliyoinuka yenye upepo na hospitali moja kwa moja.

Jambo lingine linalochanganywa. Ukiamka kila siku na kichwa kinauma, kabla hujalaumu mazuku jiulize mbabula ya makala inalala wapi. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa kaboni monoksaidi, hiyo ni gesi nyingine, inaua kwa njia nyingine, na iko kwenye kila kartiye ya Goma iwe ina mazuku au haina. Itoe nje kwanza.

Haya, lava. Hapa bibi yako ana haki na sitaki kumpinga kwa wepesi. Nyiragongo iko chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji, na lava yake ina silika kidogo sana kwa hiyo ni laini, inakimbia. Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa juu kwenye shimo lilimwagika kwa chini ya saa moja, na mteremkoni juu kasi inakadiriwa ilifika kilomita 60 kwa saa, vijiji vya kule havikupata hata nafasi. 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka kuanzia mlimani ikishuka kuja upande wa mji, lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani, watu kama 120,000 wakabaki bila nyumba. Lakini angalia tofauti, ikishafika mjini ambapo ardhi ni tambarare ilikuwa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, ndo maana watu laki kadhaa waliweza kuvuka kwenda Gisenyi wakiwa hai. Wengi waliokufa mjini mwaka ule walikuwa kwenye kituo cha mafuta kilicholipuka, walikuwa wamekwenda kuchota mafuta lava ikiwa imefika.

2021 ilikuwa na sura nyingine, na hii ndo inatupa sisi watu wa volkano usingizi mgumu. Watu bado wanauliza kwa nini hatukuonywa. Magma ilikuwa tayari iko juu, ndani ya mlima, haikuhitaji kupanda kutoka mbali, kwa hiyo siku mlima ulipochanika ubavuni haukutoa zile dalili za wiki nyingi tunazozitegemea, mitetemo iliyoonekana wazi kwenye mashine ilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Lava ikasimama upande wa Buhene karibu na uwanja wa ndege. Kisha magma iliyobaki ikasafiri chini kwa chini kuelekea kusini, ikapita chini ya mji wenyewe mpaka chini ya ziwa, ndo ile mitetemo ya siku zilizofuata na ndo sababu kartiye 10 kati ya 18 ziliambiwa zihame tarehe 27. Haikutoka juu, lakini wakati ule hakuna aliyeweza kukuhakikishia kwamba haitatoka. Waliokufa walikuwa kama 32, na wengine wao ni kwenye ajali wakati wa kukimbia, wengine ni waliojaribu kuvuka lava ambayo juu imeshakuwa nyeusi wakafikiri imepoa, wakazidiwa na gesi na joto katikati.

Kwa hiyo ndiyo, Majengo iko kwenye njia, siwezi kukudanganya. Ila magharibi nako usidhani umetoka nje ya volkano. Lac Vert yenyewe ni shimo la volkano ya zamani, ile mlima Goma pale kando ya ziwa vilevile, maana yake kuna siku moto ulitokea hapohapo mji ulipo. Na Nyamulagira, volkano ya jirani, ambayo inatoka mara nyingi zaidi kuliko Nyiragongo ila kwa kawaida inaishia ndani ya mbuga, kwenye mlipuko wa 1938 mpaka 1940 lava yake ilifika ziwani pale upande wa Sake. Ukihama kutoka Majengo kwenda magharibi unapunguza hatari ya lava, kweli unapunguza. Kuifuta haiwezekani ukiwa bado Goma.

Tofauti ambayo mimi naipa uzito kuliko zote ni hii: lava ya mjini, mara nyingi, inakupa muda wa kuchukua watoto na kutembea. Inachukua nyumba, inachukua duka, inachukua kila kitu ulichojenga, na huo ni msiba mkubwa, lakini familia iliyojipanga inaweza kutoka nzima. Mazuku haikupi hata dakika tano na inakuja usiku mmelala. Mimi nikiwa na watoto watatu na lazima nichague, ningebaki kupanga Majengo na begi limefungwa mlangoni kuliko kulala kwenye kile kishimo.

Ziwa nalo nalijibu kwa sababu naona linakukatisha tamaa, na mtu aliyekata tamaa ananunua chochote. Ni kweli Kivu ina gesi nyingi sana chini, zinakadiriwa kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methane, nyingi iko chini ya mita 260 hivi. Ni kweli pia ziwa Nyos kule Kameruni lilimwaga gesi yake usiku wa 21 Agosti 1986 na watu kama 1,700 walikufa, kwa hiyo hofu haikutoka hewani. Lakini gesi inatoka pale tu inapozidi kile maji yanachoweza kuibana kwa uzito wake, na kwenye ziwa kuu vipimo vinaonyesha bado iko mbali na kiwango hicho. Maji ya chini ni ya chumvi zaidi na mazito, hayachanganyiki kirahisi na ya juu. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani kabisa na matabaka ya chini hayakuvurugika. Sehemu inayotaka jicho la karibu zaidi ni ghuba ya Kabuno kule Sake, ambako gesi iko karibu zaidi na uso wa maji, na lazima ipimwe bila kukatiza. Upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt unavuta methane na kutoa megawati 26 za umeme. Hatari ya ziwa ipo, ni ya kufuatiliwa na wataalamu na serikali za nchi zote mbili miaka yote, na sioni sababu ya wewe kuitumia kuamua kiwanja mwaka huu.

Sasa ufanye nini. Kama pesa yako inaruhusu kusubiri, subiri, tafuta kiwanja magharibi lakini kilichoinuka, hata kama ni kidogo, hata kama ni nusu ya ukubwa. Kabla ya kutoa hela yoyote nenda OVG, kituo cha kuchunguza volkano hapo Goma, waeleze sehemu yenyewe, wanazijua nyingi kati ya mazuku za upande huo na omba mtu mwenye kifaa cha gesi aje apime alfajiri, karibu na ardhi, zaidi ya siku moja, hasa siku ambazo hakuna upepo. Mwenye kuuza akikataa kipimo cha alfajiri umeshapata jibu lako. Zungumza na wazee wa pale, na wale wanaochunga mbuzi hasa, hao wanajua kila kishimo kwa jina, na jirani aliyekuambia habari ya mbuzi wawili mshukuru, maana hakuwa na faida yoyote kwa kukuambia.

Na mkiendelea kukaa Majengo, kaeni chini na bibi yako leo jioni mpange. Ni nani anabeba mtoto yupi, mnakutania wapi mkipotezana, maana 2021 watoto wengi walitengana na wazazi wao kwenye ile vurugu ya njia. Wakubwa wakariri namba ya simu ya ndugu aliye nje ya Goma, mdogo mwandikieni kwenye nguo. Muwe na njia mbili, ya Gisenyi na ya Sake, sababu hamtajua siku hiyo ipi iko wazi, na hali ya usalama nayo inabadilika. Ile barabara ya Rutshuru inapita ubavuni mwa mlima, msiitegemee kwa kukimbia Nyiragongo. Maji ya kunywa wekeni akiba, 2021 lava iliharibu tanki kubwa na mabomba watu laki kadhaa wakabaki bila maji safi, na kipindupindu hapa kwetu hakingoji.

Kama ulishampa huyo mwenye kiwanja pesa ya kwanza, niandikie tena uniambie nani alishuhudia na mliandikiana nini, na nenda kwa shefu wa kartiye na yule jirani mkiwa pamoja kabla ya kudai irudishwe. Ila usirudi pale kishimoni asubuhi kuonyeshana.